Mzigo wa Watu Watatu

Wanaotaka kuuliza binadamu ni nini, waache waulize, vitabu vimejaa na vumbi limejaa juu yake. Swali la Bi Mize lilikuwa la kihunzi, nalo lilimkaa kooni tangu alfajiri: uzito ukitolewa kwenye chuma, unakwenda wapi? Maana haupotei. Ukichonga mpini, maranda yako chini ya miguu yako, yaokote uyapime. Ukipiga tupa, unga wa tupa uko juu ya meza. Lakini yeye alikuwa amekipunguza chuma miaka na miaka, na kila jioni akifagia, unga ule haukutimia. Kuna kitu kilikuwa kinatoka mikononi mwake na hakioni kinakoangukia. Alikuwa mhunzi mzuri, tena anajijua kuwa mzuri, na jambo hilo lilimkera.

Na mji wenyewe ulikuwa mji wa kupunguza. Usiniulize jina lake, lilipunguzwa likaisha. Aliyeutawala aliitwa Bwana Mpunguzaji, na kama watawala wote alianza kwa upole, akaanza na majina. Bi Mize alizaliwa na jina refu, lililoanzia kwa bibi mzaa bibi, jina ambalo mtu hulitamka akishakunywa maji. Likakatwa huku na huku, likabaki Mize, na akaambiwa ashukuru, kuna waliobakishiwa herufi. Baada ya majina zikafuata saa. Bwana Mpunguzaji aliiondoa adhuhuri yote, akidai watu wanaimaliza kwa kulala. Tangu hapo jua lilichomoza, likapanda kidogo, mara likaruka na kuangukia alasiri, na mwanamke aliyeinjika maharage asubuhi akayakuta yameungua kabla hayajachemka. Lakini saa zile hazikutupwa, ee, nani anatupa mali? Zilipelekwa mpakani, wakapewa askari wazitumikie. Ndiyo maana katika mji ule kina mama walikuwa na nywele nyeusi, na wana wao wa mpakani walikuwa na mvi. Mwanzo watu walilia. Kisha wakazoea, kwa sababu kulia nako kulikuwa kumepunguzwa.

Sasa, bombomu. Kwa asiyelijua, hii ni bunduki kubwa isiyovuta pumzi. Inameza mkanda wa risasi upande huu na kutema moto upande ule mpaka mkanda uishe. Zamani lilikuwa mzigo wa watu watatu. Mmoja alibeba mtutu, mmoja alibeba miguu yake mitatu ya chuma, na mmoja alibeba mikanda. Figa moja haliinjiki chungu, wahenga walisema, na mtu mmoja hakuweza kuliinjika bombomu. Akichoka mmoja, wote wanakaa chini. Akikohoa mmoja, wote wanangoja amalize. Wakuu wa jeshi walilichukia jambo hilo kuliko walivyomchukia adui.

Kiwanda cha Bi Mize ndicho kilichoyafua mabombomu ya nchi nzima, na kiwanda kile kilikuwa na mila yake. Silaha haitoki mlangoni mpaka mfuaji wake aiinue yeye mwenyewe mbele ya watu, aseme jepesi au zito. Akisema zito, inarudi motoni, na hata mtawala hana la kusema. Tena, aliyeiinua haruhusiwi kuiweka chini. Lazima aipokee mtu mwingine, mkono kwa mkono, kwa sababu chuma kilicholazwa chini kabla ya kupokewa ni kama mtoto aliyetupwa. Wahunzi wale walikuwa waongo wa kutosha, tusiwapambe. Walidanganya bei, walidanganya umri, walidanganya wake zao na waume zao. Uzito hawakuudanganya. Mtu alikuwa radhi aitwe mwizi sokoni kuliko aitwe mhunzi aliyesema jepesi kwa kitu kizito.

Bi Mize alikuwa na mwana mmoja, Vuai, na Vuai alichukuliwa mpakani kubeba miguu ya bombomu. Siku ileile Bwana Mpunguzaji alikuja kiwandani, mtu mwembamba, mwenye adabu, anayekaa ukingoni mwa kiti asije akakilemea. Akamweleza hesabu yake. Watu watatu wanabeba bombomu moja. Likiwa jepesi atalibeba mmoja, na wawili watarudi kwa mama zao. Mbeba miguu ndiye wa kwanza kurudi, kwani miguu ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Nani angeikataa hesabu hiyo? Mimi nisingeikataa. Bi Mize alijifunga kibwebwe.

Akaifanya miguu kuwa na uwazi ndani, kama mifupa ya kuku. Akatafuta madini meupe yanayocheka na moto lakini hayana uzito mkononi. Akauchonga mtutu mpaka ukawa mwembamba na bado haupasuki. Kila alipomaliza aliliinua mbele ya watu, akasema, "Jepesi," na vigelegele vikapigwa, na yeye akasimama mlangoni akitazama njia ya mpakani. Vuai hakuja. Mpunguzaji alisema bado kidogo. Akapunguza tena. Kuna mapenzi mle ndani, lazima tuseme. Kila tone la jasho lilikuwa la mama anayemvuta mwanawe kwa kamba. Akauliza tena, akaambiwa bado kidogo tena. Kamba ile ilikuwa imefungwa wapi upande wa pili, hakujua.

Kisha asubuhi moja, muda mfupi kabla jua halijaruka, aliingia mzee mmoja askari, mvi tupu, bombomu begani kama mtu anayetoka shamba na jembe lake. Alisema limekwama, angetaka litazamwe. Halafu akamwamkia: shikamoo, mama. Bi Mize akacheka, akamwambia asimtanie, yeye ndiye wa kumwamkia mzee mzima kama yule. Mzee hakucheka. Alilishusha bombomu begani, na kabla ya kulikabidhi alilipima kidogo kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuweka mgongoni, kichwa amekiinamisha upande.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyepima kitu namna ile. Bi Mize ndiye aliyemfundisha, jikoni, kwa muhogo, alipokuwa na meno mawili. Nyundo ilimtoka mkononi. Akamshika mzee yule masikio yote mawili, akamvuta uso ukafika karibu na wake, akamtazama ndani ya makunyanzi yale mpaka akamwona. Alilia kwa sauti, amri au si amri. Vuai alisimama ameinama vilevile, mikono imening'inia, kama mtoto anayenyolewa.

Mama alimpa muhogo wa nazi, naye akala polepole kwa fizi. Mama akamuuliza wenzake wawili wako wapi, wale wa mtutu na wa mikanda. Vuai akasema wapo, hawajambo, kila mmoja ana lake.

"Lake nini?"

"Bombomu, mama. Lilipokuwa jepesi hawakuturudisha nyumbani. Walitupa kila mmoja la kwake."

Bi Mize akakaa kitako sakafuni. Wahunzi bwana! Walikosea kama wahunzi peke yao wanavyoweza kukosea: walikitazama chuma kwa makini hata wakafikiri mtu anayekibeba ni sehemu ya mzigo, ukipunguza mzigo umempunguzia na yeye. Hakuna aliyefikiri kwamba mkono uliobaki mtupu utatiwa kitu kingine. Mvuvi au mkulima angeling'amua siku ya kwanza.

Vuai akaendelea, bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya jirani. Zamani zile walipokuwa watatu, walipelekwa kwenye kisima kimoja. Kulikuwa na watu wamekatazwa kuteka maji na wamekuja kuteka. Mkubwa akasema pigeni. Vuai alikuwa amebeba miguu. Alimtazama mwenzake wa mikanda, mwenzake akamtazama, ndipo akasema imemlemea, akaiweka mbali. Yule wa mikanda akasema na yeye kalemewa. Wa mtutu akabaki ameukumbatia, hana pa kuuweka. Mkubwa alitukana mpaka mate yakamkauka, jua likaruka, na watu wale wakajaza ndoo zao wakaenda zao.

"Hatukuwa mashujaa," alisema. "Lilikuwa zito kweli. Uzito ndio uliokuwa udhuru wetu."

Akachokonoa muhogo.

"Baadaye nikapelekwa kwenye kisima kingine, na lile jipya. Amri ikatoka. Nikatazama kulia, hapana mtu. Nikatazama kushoto, hapana mtu."

Bi Mize hakumuuliza alifanya nini. Mama gani angeuliza?

"Lilikuwa jepesi, mama," alisema Vuai. "Jepesi kabisa. Sikulisikia."

Uzito unakwenda wapi. Haya, ndiko ulikokwenda. Si kwenye unga wa tupa. Umekwenda kisimani, umekaa juu ya vifua vya watu wenye ndoo. Umekaa kwenye kichwa cha mwanangu, mweupe, unga wote niliokuwa nautafuta kwa ufagio. Mimi niliutoa gramu kwa gramu, nikijisifu. Nilidhani nawapunguzia watu mzigo, kumbe nilikuwa nawaondoa wale wawili waliosimama pembeni, waliokuwa na uwezo wa kusema kimenilemea. Watatu ni ugomvi. Watatu ni nani-kasema na kwa-nini. Mmoja ni kimya. Alichokitaka Mpunguzaji si chuma chepesi. Alitaka amri isiyopita kinywani mwa mtu mwingine. Na nani kamtengenezea? Nani kapigiwa vigelegele?

Hivyo ndivyo alivyowaza, vipande vipande, akiwa chini sakafuni, mwanawe akitafuna.

Jua lilipokuwa limeangukia alasiri, Bwana Mpunguzaji naye akafika. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alimpongeza Vuai kwa utumishi, akamwambia Bi Mize kuwa yeye anajua wazi kwamba bombomu la mwisho liko tayari, lile lililofunikwa kanga pale juu ya fuawe, na kweli lilikuwa tayari. Kesho litainuliwa. Hili halihitaji miguu, halihitaji mbeba mikanda, halihitaji bega; hili atalishika yeyote, mahali popote, peke yake. Na safari hii, akasema, hakuna bado kidogo. Mhunzi akishalitamka neno lake, Vuai atabaki nyumbani.

"Na saa zake nitamrudishia," aliongeza. "Zote. Ataondoka kiwandani na nywele zake nyeusi."

Hapo ndipo alipompata, mwanaharamu yule. Kwani alimwomba aseme uongo? Hata kidogo. Alimwomba aseme kweli tu, neno moja, kweli ya kihunzi. Bombomu lile lilikuwa na uzito wa fungu la mchicha. Angelisema jepesi na heshima ya kiwanda ingebaki safi, na mwanawe angekuwa kijana.

Akamgeukia Ngwali, mwenzake wa mivukuto, mtu mwoga na mgomvi, aliyekuwa akijifanya hasikii. Ngwali alimwambia mambo mawili huku ametazama moto. La kwanza, yeye si mwanzo wa vita wala mwisho wake, achukue mwanawe akae naye. La pili, akilidanganya lile, amekivunja kiwanda, kwa maana mhunzi asiyeaminiwa uzito ni mchoma mkaa tu. Hakumwambia kwa ubaya. Alikuwa na wajukuu.

"Tulipima chuma, Ngwali," alisema Bi Mize. "Maisha yetu yote tumepima chuma. Anayebaki nacho mkononi, yupi kati yetu alimpima?"

Ngwali akavuta mivukuto kwa nguvu isiyohitajika.

Siku ya kuinua, uwanja ulijaa. Askari walipangwa mstari mrefu, kila mmoja na bombomu lake, wazee wote, baadhi yao mama zao wako upande wa pili wakiwatafuta kwa macho na hawawatambui. Vuai aliwekwa mbele ya mstari, karibu na kiti cha Mpunguzaji, ili mama amwone vizuri. Alionekana mdogo kwa umbo na mkongwe kwa uso. Bi Mize alitoka, akalikuta lile bombomu juu ya meza, limefunuliwa, linang'aa. Lilikuwa zuri, tusidanganyane. Hakuwahi kufua kitu kizuri kama kile, na moyo wake ulilipenda kwa wivu wa fundi hata pale alipolichukia.

Akainama. Akalitia mikono yote miwili. Likataka kupanda lenyewe.

Jepesi, mama. Sikulisikia. Basi lisikike. Kuna mtu lazima alisikie. Kama uzito hauko kwenye chuma, na uwe kwangu, uwe mgongoni, uwe kwenye ulimi. Nywele nyeusi za mwanangu. Mwanangu, nisamehe. Ee Mola, nywele zake. Watu wa kisima wana mama zao. Simama, wewe mwanamke. Hapana, usisimame.

Hakusimama nalo. Aliliachia, akanyoosha kiuno mikono mitupu.

"Zito," alisema.

Mpunguzaji alitabasamu kama mtu aliyesikia vibaya, akamwomba arudie, kwa maslahi ya mwanawe, na akaonyesha kwa kidole mwanawe alipo. Bi Mize alitazama kule kidole kilikoelekea. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nimemwona, bwana. Ni zito. Limenishinda."

Basi akaitwa Ngwali, mhunzi wa pili, aliinue yeye. Ngwali alikuja. Maisha yake yote hakuwahi kuudanganya uzito, na kila mtu uwanjani alilijua hilo, ndiyo maana aliitwa. Akalishika. Alikaa nalo hivyo, ameinama, kwa muda wa mtu kukumbuka wajukuu wake mmoja mmoja. Kisha akaliachia. Akasema ni zito, na ana shaka kama amewahi kushika kitu kizito kuliko hicho. Mimi naamini hakudanganya. Naamini ndiyo mara yake ya kwanza kupima sawasawa.

Hapo adabu ilimwishia Bwana Mpunguzaji. Alitangaza kwamba jina la Mize limepunguzwa lote, kuanzia sasa hana hata herufi, na akawaamuru askari wa mstari wamkamate mwanamke yule. Askari wakatazamana. Walikuwa hawajawekwa bega kwa bega kwa miaka mingi. Kila mmoja aligeuza shingo kulia akaona mtu, akageuza kushoto akaona mtu. Mmoja alilishusha bombomu lake begani kwa taratibu, akaomba radhi, akasema limemlemea. Na wa pili yake akasema vivyo hivyo.

Ndipo Mpunguzaji aliporuka kutoka kwenye kiti, akaenda mezani, akalinyakua lile bombomu kwa mkono mmoja, akaliinua juu ya kichwa.

"Mnaona?" alisema. "Jepesi!"

Alisema kweli. Lilikuwa jepesi. Lakini hakuna kigelegele hata kimoja, na alipotaka kulishusha akakumbuka yuko wapi, kwamba hapa aliyeinua haweki chini, akatazama huku na huku nani wa kulipokea. Alimwendea Vuai. Alimwahidi tena, mbele ya watu wote, saa zake, nywele zake, nyumbani kwao, achukue tu.

Vuai alilitazama. Mikono yake ilikuwa mikono ya mzee, ina madoa. Alifikiri, nami siwezi kusema alifikiri nini, kwani mambo ya kisimani anayajua peke yake. Kisha akaipeleka nyuma mikono yote miwili.

"Saa zangu zimeshatumika, bwana," alisema. "Kaa nalo."

Akamwendea mama yake, mwanamke asiye na jina, akamshika mkono. Ungesema baba anamwongoza binti. Walipita katikati ya watu. Watu wakawapisha, kisha wakaanza nao kutoka, wawili wawili, watatu watatu, bila haraka, hata askari, wakiulizana majina yao ya zamani. Ngwali alikuwa analia na kugombana na mtu kwa wakati mmoja. Mpunguzaji alibaki katikati ya uwanja, mkono juu, akiwaambia migongo yao kwamba ni jepesi, ni jepesi kabisa, mtu yeyote anaweza.

Walipofika kwenye kona Vuai aligeuka kutazama.

"Anafanya nini?" mama yake akamuuliza.

"Anabadilisha mkono," alisema Vuai.